Kuhamisha Wijeti ya Hali ya Anga kwenye Chanzo Kipya cha Data: Kazi ya Msimbo na Kazi ya Lugha

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nahodha wa pwani aliyataka mawingu ushauri, akapima mkondo wa upepo kwa shavu lake, kisha akaamua kama atatweka tanga au atakivuta chombo ufuoni. Siku hizi, mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi hutupa jicho kwenye pembe ya kioo, akaona picha ya wingu, tarakimu ya halijoto na maneno mawili matatu ya maelezo. Kwa hayo huamua kuchukua mwavuli, kuanika mahindi au kuahirisha safari. Kijiprogramu hicho kinachokaa juu ya eneo-kazi la tarakilishi bila ya kufunguliwa kila mara ndicho kiitwacho wijeti.

Usione vyaelea, vimeundwa. Wijeti haina kipimajoto wala kipimamvua. Haijui lolote kuhusu anga. Kazi yake ni kutuma ombi kwenye seva iliyo mbali, kupokea jibu, kuchambua jibu hilo na kulionyesha kwa umbo ambalo binadamu analielewa. Seva hiyo ndiyo chanzo cha data, na chanzo kikifungwa, wijeti hubaki kama mkalimani aliyefiwa na msemaji wake.

Makala haya yananuia kufafanua mambo yanayohusika katika kuihamisha wijeti ya aina hiyo kutoka chanzo kimoja hadi kingine. Hoja inayojengwa ni kwamba kazi hiyo, ambayo wengi huidhania kuwa ya wanatarakilishi peke yao, kwa sehemu kubwa ni kazi ya tafsiri. Kwa hivyo inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kama inavyomhusu mwandishi wa programu.

Usuli: vyanzo vinavyokauka

Wijeti za eneo-kazi zilishamiri katika mwongo wa kwanza wa karne hii. Programu ya Konfabulator ilitokea mwaka wa 2003, na mwaka wa 2005 ikanunuliwa na kampuni ya Yahoo. Mwaka huo huo wa 2005, Apple ilitoa Dashboard ndani ya mfumo wake wa tarakilishi, nayo Microsoft ikafuata kwa wijeti za Windows Vista mwaka wa 2007. Miundo hiyo haikudumu. Mwaka wa 2012 Microsoft iliwashauri watumiaji wazizime wijeti zake kwa sababu za usalama, na Dashboard iliondolewa mwaka wa 2019. Hata hivyo, programu kama Rainmeter kwa watumiaji wa Windows na Conky kwa watumiaji wa Linux zimeiendeleza desturi hiyo, na watu wengi bado hujiundia wijeti zao wenyewe.

Vyanzo vya data navyo vimekuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Mkondo wa hali ya anga wa Google, ambao haukuwa umetangazwa rasmi lakini ulitumiwa na wengi, ulikatika mwaka wa 2012. Weather Underground iliacha kutoa huduma yake ya bure kwa waundaji programu mwishoni mwa mwaka wa 2018. Mkondo wa zamani wa Yahoo ulizimwa mwanzoni mwa mwaka wa 2019. Dark Sky, iliyonunuliwa na Apple mwaka wa 2020, iliufunga mlango wake kwa waundaji programu mwaka wa 2023. Kila mara, maelfu ya wijeti zilizokuwa zikifanya kazi jana ziliamka zikiwa bubu.

Katika makala haya mfano utakaotumiwa ni wijeti iliyoundwa kusoma mkondo wa zamani wa Yahoo, ambayo sasa inahamishiwa Open-Meteo, chanzo kinachotoa data bila malipo na bila ufunguo kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Pale inapofaa, chanzo cha Taasisi ya Hali ya Anga ya Norwei kitatajwa kwa ulinganisho.

Anwani mpya, mahali pale pale

Hatua ya kwanza ni kubadilisha anwani ambayo wijeti hutuma ombi lake. Hapa pana mtego wa kwanza. Yahoo ilitambua kila mji kwa nambari maalumu. Open-Meteo na chanzo cha Norwei huuliza latitudo na longitudo. Basi Nairobi, iliyokuwa nambari tu, sasa yapaswa kuandikwa kuwa latitudo -1.29 na longitudo 36.82.

Alama ile ndogo ya kutoa si pambo. Nchi ya Kenya inakatwa na ikweta, hivyo baadhi ya miji yake ina latitudo hasi na mingine ina latitudo chanya. Eldoret iko kaskazini mwa ikweta, nayo haihitaji alama. Nairobi, Kisumu na Mombasa ziko kusini. Mwandishi akiisahau alama kwenye latitudo ya Nairobi, wijeti itamletea hali ya anga ya Samburu. Akiisahau kwenye latitudo ya Mombasa, ambayo ni -4.05, ataletewa habari za kusini mwa Ethiopia. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitangazi. Tarakimu zitakuja, picha itaonekana, na jina la Mombasa litaendelea kung'aa juu ya hali ya anga isiyo yake.

Umbo la jibu

Mkondo wa Yahoo ulikuja kwa umbo la XML, ambamo kila kipengele hufungwa kwa vitambulisho vya mwanzo na mwisho. Vyanzo vipya hujibu kwa umbo la JSON, ambamo kila thamani hutanguliwa na jina lake ndani ya mabano ya mawimbi. Wijeti nyingi za Rainmeter zilisoma jibu kwa kutumia ruwaza za utafutaji, yaani maelekezo ya kutafuta mfuatano fulani wa herufi na kuchukua kinachoufuata. Ruwaza zilizoandikwa kwa ajili ya XML hazitapata chochote ndani ya JSON, hivyo sharti ziandikwe upya.

Inafaa hapa kuzingatia kanuni moja: thamani itafutwe kwa jina lake, wala isitafutwe kwa nafasi yake. Ruwaza inayosema "chukua tarakimu ya tatu" itafanya kazi mpaka siku ambayo chanzo kitaongeza uga mmoja mbele yake. Siku hiyo unyevu utasomwa kama halijoto. Ruwaza inayosema "chukua tarakimu inayofuata jina temperature_2m" haitayumbishwa na nyongeza hiyo. Jina lenyewe linabeba maarifa, kwa maana ile 2m inaeleza kwamba halijoto hiyo ni ya hewa iliyo mita 2 juu ya ardhi. Upepo, kwa upande wake, hutolewa kwa kimo cha mita 10.

Vipimo na saa

Mkondo wa Yahoo ulitoa halijoto kwa Farenhaiti isipokuwa mtumiaji aombe Selsiasi. Open-Meteo hutoa Selsiasi isipokuwa aombe vinginevyo. Wijeti iliyokuwa na hesabu ya kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi ndani yake itaendelea kuifanya hesabu hiyo juu ya tarakimu ambazo tayari ni za Selsiasi, na alasiri ya Nairobi yenye nyuzi 24 itatangazwa kuwa na baridi ya chini ya sifuri. Kosa hili angalau linachekesha, na kwa hivyo hugunduliwa upesi.

Kosa la kasi ya upepo halichekeshi. Open-Meteo hutoa kasi kwa kilomita kwa saa, ilhali chanzo cha Norwei huitoa kwa mita kwa sekunde. Tarakimu 10 kwa kipimo cha kwanza ni upepo mwanana. Kwa kipimo cha pili ni kilomita 36 kwa saa, upepo wa kumfanya nahodha wa mashua ndogo asite kutweka. Tarakimu ni ile ile, na macho hayana namna ya kuzitofautisha iwapo wijeti haikuandika kipimo kando yake.

Kuhusu mwelekeo wa upepo, Kiswahili kinamsaidia mwandishi. Katika elimu ya hali ya anga, upepo hutajwa kwa upande unakotoka: nyuzi 180 maana yake ni upepo utokao kusini. Hivyo ndivyo lugha yetu ilivyoutaja upepo tangu zamani. Kusi ni upepo utokao kusini na kaskazi ni upepo utokao kaskazini. Majina hayo ya pande za dunia yamezaliwa na majina ya pepo zenyewe. Mwandishi anayechora mshale unaoelekea kule upepo unakokwenda, na chini yake akaandika "kusi", lazima ahakikishe kwamba mshale huo unaelekea kaskazini.

Suala la saa ni tata zaidi. Chanzo kisipoambiwa ukanda wa saa, hutoa nyakati kwa saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa muda wa saa tatu. Mwandishi anaweza kuomba ukanda wa Africa/Nairobi na tatizo hilo likaisha. Lakini kwa wijeti ya Kiswahili halijaisha. Saa 15 ya chanzo ni saa tisa alasiri kwa msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa siku yetu huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua na usiku wetu tangu kuchwa. Wijeti inayosema "mvua saa 3" kwa kumaanisha saa tisa imesema Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili.

Tena kuna utata ulio ndani ya lugha yenyewe. Maandishi "Mvua: saa 2" yaweza kumaanisha kwamba mvua itanyesha saa mbili, au kwamba itanyesha baada ya muda wa saa mbili, au kwamba itadumu kwa muda huo. Huenda utata huu ndio unaowasukuma wasemaji wengi kutumia "masaa" kwa maana ya muda, ingawa wanasarufi hulikataa umbo hilo. Bila ya kuingilia mjadala huo, mwandishi wa wijeti anaweza kuukwepa utata kwa kuandika kirai kizima: "kuanzia saa mbili usiku", "baada ya muda wa saa mbili". Nafasi kwenye kioo ni finyu, lakini ufinyu wa nafasi hauhalalishi kumpotosha msomaji.

Jedwali la nambari za hali

Kiini cha uhamisho kimo katika jedwali la nambari za hali. Vyanzo vingi havitumi picha ya wingu. Hutuma nambari, na wijeti hutazama katika jedwali lake ili kujua nambari hiyo ina maana gani na ionyeshwe kwa picha ipi. Jedwali la Yahoo lilianzia 0 hadi 47, pamoja na 3200 iliyomaanisha kwamba habari haipo. Open-Meteo hutumia nambari zinazotokana na orodha ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Majedwali haya mawili hayana undugu, ila yanatumia tarakimu zile zile.

Katika jedwali la Yahoo, 0 ilikuwa dhoruba kali ya chamchela. Katika jedwali jipya, 0 ni anga safi. Kwa Yahoo, 3 ilikuwa radi kali. Sasa 3 ni mawingu yaliyotanda bila mvua. Kwa Yahoo, 45 ilikuwa mvua ya radi. Sasa 45 ni ukungu. Hebu tumfikirie mtu aliyebadilisha anwani na ruwaza, akaliacha jedwali la zamani mahali pake. Asubuhi ya ukungu wa Limuru ataonywa kuhusu radi. Mchana wa jua kali ataonyeshwa chamchela. Mvua halisi, ambayo katika jedwali jipya huanza na manyunyu kwenye 51 na kuendelea hadi radi kwenye 95, haitapata picha wala neno lolote, kwa kuwa jedwali la zamani liliishia 47. Wijeti itapiga kelele wakati wa kunyamaza, na itanyamaza wakati wa kusema.

Ndiyo maana inashauriwa jedwali jipya liandikwe kuanzia mwanzo, na lile la zamani lifutwe kabisa badala ya kurekebishwa mstari kwa mstari. Aidha, jedwali liwe na mstari wa mwisho unaoshughulikia nambari yoyote isiyotambulika kwa kutangaza wazi kwamba hali haijulikani. Jambo jingine la kuzingatia ni usiku. Yahoo ilikuwa na nambari moja ya anga safi ya usiku na nyingine ya jua la mchana. Jedwali jipya lina 0 peke yake kwa nyakati zote mbili, na chanzo hutoa uga tofauti unaosema kama ni mchana au usiku. Asiyeusoma uga huo ataandika "jua" saa nne usiku.

Kutafsiri anga

Mkondo wa Yahoo ulileta nambari pamoja na maelezo ya Kiingereza yaliyokuwa tayari. Wijeti nyingi zilionyesha maelezo hayo kama yalivyo. Chanzo kipya huleta nambari tupu. Kwa mtazamo wa kwanza hiyo ni hasara, lakini kwa Kiswahili ni fursa: anayejaza jedwali ndiye anayechagua maneno, wala halazimiki kupitia lugha nyingine.

Uchaguzi huo unahitaji uangalifu. Jedwali linatofautisha aina tatu za mvua. Ya kwanza, 51 hadi 55, ni ya matone madogo mno. Neno "manyunyu" linaifaa. Ya pili, 61 hadi 65, ni mvua ya kawaida iendeleayo. Ya tatu, 80 hadi 82, ni mvua ya ghafla, ianzayo na kukatika kwa haraka. Watafsiri wengi huipa hii ya tatu jina la "rasharasha". Tafsiri hiyo inapotosha. Rasharasha ni mvua nyepesi, ilhali kinachoitofautisha aina ya tatu ni namna inavyokuja, si wingi wake, na nambari 82 ni mvua kubwa kupindukia. Anayesoma "rasharasha" akavuka mto mkavu kwa miguu aweza kukutwa na mafuriko. Istilahi "vipindi vya mvua", ambayo tayari imezoeleka katika taarifa za utabiri, inafaa zaidi: "vipindi vya mvua ndogo" kwa 80, na "vipindi vya mvua kubwa sana" kwa 82.

Sarufi nayo ina madai yake. Waundaji wa wijeti za Kiingereza hupenda kutunga maelezo kwa kuunganisha vipande: kivumishi kimoja cha udogo au ukubwa huwekwa mbele ya nomino yoyote. Mbinu hiyo haiwezekani katika lugha yenye ngeli. Kivumishi -dogo huwa "ndogo" kwa mvua, "madogo" kwa manyunyu na "mdogo" kwa ukungu. Mtafsiri aliyepewa orodha ya vipande atachagua umbo moja, na wijeti itasema "manyunyu ndogo" mpaka mwisho wa uhai wake. Dawa ni kuhifadhi virai vizima katika jedwali, kirai kimoja kwa kila nambari. Nambari zenyewe hazifiki hata 30. Kazi hiyo ni ya alasiri moja.

Pia mwandishi aamue anamwandikia nani. Nchini Kenya hutumiwa sana "hali ya anga", na Tanzania "hali ya hewa". Yote mawili ni sahihi, mradi wijeti isichanganye istilahi mbili katika dirisha moja.

Makadirio si ushuhuda

Tarakimu zinazotolewa na Open-Meteo hutokana na mifano ya kihesabu inayoigawa dunia katika miraba. Hazikusomwa kwenye kipimajoto kilicho mlangoni pa mtumiaji. Mahali penye milima na mabonde, mraba mmoja unaweza kubeba kilele na bonde kwa pamoja. Kwa hivyo kauli "mvua inanyesha" inadai zaidi ya kile ambacho chanzo kinajua. Kiswahili kina njia ya kulisema jambo hilo kwa ukweli: "mvua inakadiriwa", "mvua inatarajiwa". Kiambishi kimoja cha kutendwa kinamkumbusha msomaji kwamba aliyesema hakuona.

Kimya cha wijeti nacho kifasiriwe kwa tahadhari. Nambari 96 na 99 za jedwali ni radi yenye mvua ya mawe, lakini maelezo ya chanzo yanabainisha kwamba utabiri huo hutolewa kwa Ulaya ya Kati pekee. Nyanda za Kericho na Nandi hupata mvua ya mawe mara nyingi, na majani ya chai huyajua makali yake. Mkulima wa huko asipoiona nambari 96, asidhani kwamba mawe hayatashuka. Wijeti iliyofasiriwa kwa uaminifu ingeeleza hivyo katika ukurasa wake wa maelezo.

Adabu kwa chanzo

Mwisho, mwombaji apaswa kuwa na adabu. Hakuna haja ya kuuliza kila sekunde jambo ambalo halibadiliki kwa sekunde. Ombi moja kila baada ya dakika 15 au 30 linatosha, na jibu lihifadhiwe katikati ya maombi. Open-Meteo inataka itajwe kama chanzo. Taasisi ya Norwei inataka kila programu ijitambulishe katika ombi lake. Na mtandao ukikatika, wijeti ionyeshe wakati ilipopata habari mara ya mwisho, badala ya kuendelea kuonyesha jua la jana kana kwamba ni la leo.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kuhamisha wijeti ni zaidi ya kubadilisha anwani. Mahali, umbo, kipimo, saa na nambari za hali, kila kimoja kina maana yake katika chanzo cha zamani na maana nyingine katika chanzo kipya, na makosa mengi kati ya haya hayatoi ishara yoyote. Njia ya kuyagundua ni ile ya wahenga: baada ya kumaliza kazi, mwandishi ainuke kitini, afungue dirisha, na kuilinganisha wijeti yake na anga. Afanye hivyo siku ya jua, siku ya mawingu na siku ya mvua, kabla ya kumpa mwingine aiamini.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo liko wazi. Istilahi za anga zimejaa katika lugha hii, na kazi ya kuzipanga katika jedwali haihitaji shahada ya uhandisi. Inahitaji mtu anayejua tofauti kati ya manyunyu na vipindi vya mvua, na anayejua kwamba kuna msomaji atakayeondoka nyumbani bila mwavuli kwa kuliamini neno alilolichagua.